Barabara ya mtaa ilivyopimwa juu ya makaburi ya jirani yangu, lodge yangu ikaishia kwenye ramani (Ngara)

Wakuu, poleni na majukumu. Hiki kisa kimenikuta mwenyewe. Chumvi sijaongeza, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngara mjini, jirani na stendi. Ukiuza saruji na nondo kila siku, mwisho na wewe unatamani kujenga. Nikanunua shamba pembeni ya mji, njia ya kwenda Mabawe. Location kali, upepo wa kilimani, bonde lote unaliona. Plan yangu ilikuwa lodge ya ghorofa.

Ramani ikachorwa, nikapeleka maombi ya kibali cha ujenzi.

Nikaambiwa eneo limeshatangazwa kuwa la mipango miji. Hakuna kibali mpaka wakazi tukubaliane ramani ya mtaa mzima: barabara zipite wapi, viwanja viishie wapi. Baada ya hapo ndiyo upimaji.

Sheria yenyewe sikuichukia. Mnaijua mitaa ambayo mtu akiugua anabebwa mgongoni kwa sababu gari halifiki mlangoni. Shida ni kusubiri. Rafiki yangu tuliyenunua naye alichoka, akauza, akaenda kujenga fremu za biashara Biharamulo.

Mimi nikaingia kwenye kamati ya wakazi ili mambo yaende haraka.

Rasimu ilipoletwa, barabara ya mtaa ilikuwa inapita juu ya makaburi matatu. Ni ya jirani yangu mjane, tumwite Mama Adela. Wamelala pale mume wake na watoto wao wawili.

Afisa mipango miji, dada mmoja mstaarabu, akaeleza kwamba sheria inaruhusu makaburi kuhamishwa kwa utaratibu wake. Kikao kizima kikamgeukia mama. Wengine wakaanza kumsema eti anachelewesha maendeleo. Akajifunga kitenge vizuri, akatoka kikaoni.

Kamati ikanituma mimi nikambembeleze. Nikamkuta anapalilia maharage migombani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Najua kilichokuleta." Jembe hakuliacha. "Barabara siikatai. Ila mume wangu nilishamzika, sitamzika tena. Kwani barabara haiwezi kupinda?"

Swali lake nikaondoka nalo. Nikarudi kwa yule afisa.

"Inaweza," akasema. "Ila ikikwepa makaburi inaingia upande wa pili. Na upande wa pili ni kwako."

Akanionyesha kwenye ramani. Ukitoa barabara, ukatoa na ile nafasi ambayo jengo linatakiwa kuiacha kutoka barabarani, lodge haienei tena.

Wakuu, nilikasirika. Mimi niliyefuata utaratibu ndiye nimegwe? Nyumbani nikamwambia mke wangu tukaze, makaburi yahamishwe, sheria inaruhusu.

Mke wangu akaniuliza, "Wakishafukuliwa, asubuhi ukikutana naye utamsalimiaje?"

Lile swali lilinikaa. Kikao kilichofuata nikasema barabara ipinde, ipite kwangu. Watu wakapiga makofi, mimi nikawa naangalia chini tu. Ramani ikapitishwa, bikoni za mipaka zikawekwa, nami nikachora upya: vyumba vya kupanga, vya chini bila ghorofa, basi.

Greda likapita. Nguzo za umeme zikafuata, kisha maji. Wapangaji wangu sasa ni walimu na manesi. Lodge ya ghorofa alikuja kujenga mtu mwingine, upande mwingine wa mji. Siwadanganyi, nikipita pale huwa inaniuma.

Sasa sikieni hii. Juzi kati shemeji yake Mama Adela alitoka Bukiriro na mnunuzi, anadai ardhi ni ya ukoo na mjane hana chake pale. Mama akaingia ndani, akatoka na hati ya kiwanja. Jina ni lake, aliipata kwenye upimaji uleule tuliogombania. Mnunuzi akaisoma, akaita bodaboda, akaondoka zake. Shemeji akabaki anajikuna kichwa.

Nilikuwepo. Mama akanigeukia.

"Kumbe haya makaratasi yenu yana kazi," akasema. "Sasa anayetaka kugusa hapa, hata wewe mwanangu, ataanza kwa kuniomba mimi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilichojifunza: kabla hujanunua ardhi pembezoni mwa mji, nenda ofisi ya ardhi uulize eneo limepangiwa nini. Halafu nenda kakae na majirani, uwajue, maana hata ukiwa na sheria mkononi, hao ndio utakaoishi nao.

Mliopitia urasimishaji, kwenu barabara ilipinda au aliyepisha ni mtu? Na mnaoona nilichemka kibiashara, semeni tu, sitakasirika.