Nguzo Nne Zilizosimama kwa Kichwa

Nyumba yangu iko kando ya barabara ya kwenda Moiben, na vijana wa bodaboda huwaambia abiria, "Nitakushukisha pale kwa kanisa." Si kanisa. Ni nyumba ya bibi aliyeishia darasa la tatu, na bibi huyo ni mimi. Iko na nguzo nne mbele, vile wazungu walikuwa wakijenga miaka zaidi ya mia mbili iliyopita. Kama macho yako hayapendi, barabara ni ndefu, endelea nayo.

Mambo yalianza na mjukuu wangu. Huyu msichana anasomea kuchora majumba chuo kikuu, na nikiwaambia kina mama wa kikundi chetu huwa nasema mara mbili, kwa sababu wengine masikio huwa mazito habari ikiwa njema. Alikuja likizo na kitabu kizito kama debe la mahindi. Tuliketi kwenye kibanda changu cha mbao, akafungua.

"Shosho, hawa walikuwa wamechoka na mapambo," akaniambia. "Babu zao walijaza nyumba maua ya plasta, malaika wanono, dhahabu kila kona. Hawa wakaenda kuangalia magofu ya Wagiriki na Warumi, wakarudi wakisema wanataka mstari ulionyooka."

Nikaona. Mlango katikati kabisa. Madirisha ya kushoto sawa na ya kulia, kama meno ya mtu aliyezaliwa vizuri. Mbele nguzo, na juu ya nguzo pembetatu. Nyumba imetulia, inakuangalia kana kwamba wewe ndiye umechelewa. Niliipenda vile nilipenda marehemu mume wangu, yaani kabla ya kuuliza ana nini.

Halafu akanionyesha jumba lingine la mawe makubwa meupe. "Hii si mawe," akasema. "Ni matofali. Walipaka plasta, wakachora mistari ionekane mawe."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai kwenye leso. Nyumba yangu ya zamani ilikuwa ya udongo. Mume wangu aliipiga simiti nje, akashika ubao na msumari akachora mistari, akaipaka rangi nyeusi, ukiwa barabarani unaapa ni mawe. Miaka yote hiyo niliona haya wageni wakikaribia ukuta. Kumbe bwana mkubwa wa Ulaya naye alikuwa anawadanganya wageni wake kwa njia hiyo hiyo.

Ile nyumba ilichomwa baada ya kura, mchana peupe. Sisi tulitoka upande wa Mlima Kenya zamani, tukanunua shamba hapa, tukazaa hapa, lakini wiki ile hakuna aliyeuliza tumezaa wapi. Mjukuu alikuwa darasa la tano. Nilimshika mkono tukakimbia na sufuria moja, na mpaka leo sijui kwa nini nilichagua sufuria. Tuliishi kwenye hema. Tuliporudi tulijenga kama kila mtu aliyerudi: mbao na mabati, kitu kidogo, kwa sababu kura ingine itakuja na hutaki kulia sana. Kura moja ilipita salama, na bado hakuna aliyeweka jiwe.

Siku ile ya kitabu ndiyo niliamua. Nitajenga ya mawe, na kura inayofuata itanikuta nimelala ndani. Ilikuwa imebaki miezi minane.

Kijana wangu anakaa Nakuru. Nikampigia simu, nikamweleza yote mpaka nguzo.

"Mami, jenga ya mabati," akasema. "Ikichomwa tutanunua ingine."

"Na mimi nikichomwa mtanunua mwingine?"

Akasema, "Nguzo za nini sasa?"

"Za kushika pembetatu."

Fundi nilimchagua jirani yangu, Mzee wa huku huku, mwenyeji, ambaye shamba lake na langu yanagawanywa na fensi. Watu wetu wengine walinuna, maana waliotuchomea walikuwa wenyeji. Mimi nilikuwa na sababu. Siku ya moto yeye alifungua zizi langu akachukua ng'ombe wawili akawaficha na wake. Nilisikia nikiwa hemani kwamba ameniibia. Niliporudi akaniletea watano, na akaniambia majina ya ndama. Kuzima moto hakuzima. Hilo pia nalisema, na yeye anajua nalisema.

Aliangalia kitabu kwa muda mrefu. "Hii ni ya gavana?"

"Ya mfalme," mjukuu akasema.

"Alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Kitabu hakisemi, Mzee."

"Basi hicho kitabu hawakumaliza kuandika."

Nguzo za jiwe la kuchonga hatungeweza. Mjukuu akasema hata huko Ulaya wengine walitumia mti na kuupaka rangi ya jiwe. Hapo Mzee akachangamka. Alikuwa na magogo manne ya mwerezi kutoka upande wa Timboroa, mekundu ndani, yananukia kama sanduku jipya. Alikuwa ameyaweka ya kujengea zizi. "Ng'ombe watangoja," akasema. Mjukuu akamchorea kila kitu: nguzo ni nene chini, inapungua polepole ikipanda. Mzee akakunja karatasi, akaiweka mfukoni, na mjukuu akarudi chuoni.

Kuta zilipanda vizuri. Wiki mbili kabla ya kura, nilienda mjini kutafuta vioo vya madirisha. Niliporudi jioni nguzo zilikuwa zimesimama, boriti juu, pembetatu juu ya boriti. Niliruka kama msichana. Kulikuwa na kitu kidogo kilinisumbua, kama ukiona mtu amevaa sweta nyuma mbele na huwezi kusema ni nini, lakini nikakiacha.

Jumamosi mjukuu akaja. Alisimama langoni. Begi likaanguka.

"Shosho. Zimesimama kwa kichwa."

Na kweli. Nyembamba chini, nene juu, zote nne, kama wanawake wanne wamebeba magunia.

Tukamwita Mzee. Hakushtuka hata kidogo. "Ndiyo, nimezipindua. Nguzo ya fensi unachimbia ardhini ule upande wa juu wa mti. Mti unanyonya maji kutoka mizizi kwenda juu. Ukiupindua, maji hayajui njia, na hauozi. Baba yangu alipindua. Zunguka fensi zote za huku uone."

"Lakini Mzee, hii si fensi," mjukuu akasema, na sauti ilikuwa karibu kulia. Alikuwa amepanga kupiga picha za kuonyesha mwalimu wake. "Hii ni uwiano. Jicho linataka uzito ukae chini."

"Jicho haliozi. Mti ndio unaoza."

"Naweza kuzigeuza," Mzee akaniambia mimi. "Nitoe pembetatu, nitoe boriti. Wiki tatu."

Wiki tatu maana yake kura itanikuta kwenye mbao. Nikamwangalia mjukuu, nikaangalia nguzo. Nilikuwa nataka zote mbili, picha yake na kitanda changu ndani, na haikuwezekana.

"Zikibaki hivi," nikauliza, "zitakaa miaka mingapi?"

"Hamsini. Labda sitini, mchwa hawapendi harufu ya mwerezi."

"Mzee, mimi niko sabini na moja. Hamsini ni ya nani?"

"Sikuhesabu na wewe. Nilihesabu na huyu." Akamwonyesha mjukuu wangu kwa kidevu.

Tangu tutoke hemani hakuna mtu wa huku alikuwa amenihesabia hata miaka mitano. Mjukuu akaenda akazunguka nguzo moja, akaigonga, akainusa. Kisha akaanza kucheka, na mimi nikaanza, na Mzee akatuangalia kama watu walioshikwa na kitu.

"Shosho, lete rangi nyeupe," akasema. "Mwalimu nitamwambia ni mtindo wa Moiben."

Siku tatu kabla ya kura kijana wangu alifika na pikapu ya kunihamisha. Alinikuta kwenye baraza, kitanda kiko ndani, mke wa Mzee amekaa karibu yangu na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha. Alizunguka nguzo mara mbili.

"Mami, panda twende. Tutarudi kura ikiisha."

"Nimeshahama," nikamwambia. "Nilitoka pale kwenye mbao nikaingia hapa. Kwa mwaka huu inatosha."

"Na hii pikapu niifanyie nini?"

Mke wa Mzee akajibu kabla yangu. "Enda nayo kwangu ulete viti. Watu wanakuja kuombea nyumba, na hapa kuna viti viwili tu."

Akaenda. Alileta kumi na vinane.