Mama Springi Upande wa Mkwewe

Jina lake halisi hakuna aliyelitumia. Kwa kuwa alifufua makochi yaliyokwisha kufa, mtaa mzima ulimwita Mama Springi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, sponji zimejaa hadi darini, na misumari midogo aliibana midomoni huku akipiga soga. "Nikimeza mmoja," alisema, "mtanitafuta kwa sumaku."

Alikuwa mjane mwenye watoto pacha wa kiume, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Mkubwa alioka mikate kiwandani. Mdogo alikuwa wa leo hapa, kesho pale. Mkubwa alipooa, mkewe akahamia chumba cha uani na kuanza kumsaidia mama mkwe kuvuta vitambaa. Walipatana mpaka wateja wakadhani ni mtu na bintiye.

Mchana mmoja, Mama Springi akiwa kwa mteja, yule mkwe alijilaza na kushusha mapazia, kichwa kikimgonga. Mdogo akaingia, amevaa fulana ya kiwanda ya kaka yake.

"Mke wangu, leo wametutoa mapema," akasema. Sauti ileile. Naye akampokea kama mke anavyompokea mumewe.

Jioni mume alirudi, unga kwenye nyusi. Mkewe akamtania kwamba siku hizi anakwenda kazini mara mbili. Mume hakucheka. "Mimi sijatoka kiwandani tangu asubuhi." Mke akamweleza yote ya mchana.

Mdogo alipobanwa hakukana. Alisema ulikuwa utani, kisha akauliza, "Mbona hakukataa?" Baba yao mdogo, aliyeitwa kusuluhisha, akataka yaishe humohumo ndani: hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyepiga kelele.

Mama Springi akamgeukia. "Shemeji, huyu binti alikubali kulala na nani?"

"Na... mumewe."

"Mumewe alikuwa kiwandani. Sasa huyu mwanangu mwingine alikubaliwa saa ngapi?"

Shemeji akakohoa. "Lakini ni damu yako."

"Unanikumbusha wewe? Leba nilikuwa mimi!"

Kesho yake akamshika mkwewe mkono wakaenda polisi. Askari wa zamu, mwanamke, aliuliza kama alipigwa au kutishiwa.

"Hapana. Alijifanya mume wangu."

Askari akasimamisha kalamu, akaenda kumuuliza mkubwa wake. Walizungushwa sana, njoo leo, njoo kesho, na wapo waliocheka waziwazi. Kila walipoitwa, Mama Springi alifunga karakana na kwenda naye. Wateja wenye makochi yaliyofumuliwa walinung'unika, wakakalia ndoo.

Mahakamani Mdogo alidai shemeji yake alimtambua, ila alinyamaza. Mama akaitwa kutoa ushahidi. Wakili wa mwanawe akamuuliza kama yeye, mzazi, angeweza kuwachanganya.

"Penye giza, kwa sauti tu, hata mimi nawachanganya," akajibu. "Yeye analijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana akavaa fulana."

Hakimu alisema mwanamke aliyekubali kwa kudanganywa kuwa huyo ni mumewe hakumkubali yule aliyemdanganya. Mdogo akafungwa. Mama Springi alilia mbele ya watu wote, wala hakujificha uso.

Humtembelea gerezani, humpelekea sabuni na mafuta. Safari ya kwanza, Mdogo alimwomba amwombee msamaha kwa shemeji yake.

"Salamu hiyo sibebi, mwanangu," alimwambia. "Ukitoka, akitaka kukusikiliza, utasema mwenyewe. Asipotaka, basi."

Mkwe hakuweza tena kulala katika chumba kile, kwa hiyo yeye na mumewe wakapanga mtaa wa pili. Mume akirudi husimama mlangoni, huongea kidogo mambo wanayoyajua wao wawili tu, husubiri aitwe ndani. Hakuambiwa na mtu afanye hivyo.

Karakana nayo inaendelea. Jana niliwakuta mama na mkwe wakigombana juu ya rangi ya kochi la mteja, mmoja ameng'ang'ania kijani, mwingine kahawia. Mkwe alikuwa anashinda, na Mama Springi alikuwa akifurahi kushindwa.