Nilivyosema Mwili ni Jela Kwenye Mazishi ya Kabuchai

Kuna watu kule Kabuchai ambao mpaka leo hawajui jina langu, lakini wakiniona sokoni Bungoma wanaambiana kwa sauti ya chini, "Si huyu ndiye ule mama wa jela?" na mimi najifanya nachagua nyanya. Aibu hiyo ni yangu na siikatai. Wacha niwaambie ilivyokuwa, kwa sababu imesimuliwa na wengi na kila mmoja ameongeza chumvi, na jambo lenyewe bana halikuhitaji chumvi yoyote.

Mimi ni mtu wa Kitale. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakanunua shamba Trans-Nzoia kabla sijazaliwa, na miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo, na siku za Jumatano jioni naongoza kikundi cha kusoma Biblia kanisani kwetu. Ndio wakati magazeti yalikuwa yanaandika sana juu ya injili zilizofichwa, ati kuna maandishi ya kale yalichimbuliwa mchangani huko Misri, ya watu walioitwa Wagnostiki, yaani watu wa maarifa, na ati kanisa liliyakataa. Mama mmoja kwenye kikundi akaniuliza kama ni kweli tumefichwa kitu, na mimi kwa vile ni kiongozi (na ulimi wangu ni mzito sana kusema sijui) nikaenda saiba ya intaneti iliyokuwa karibu na duka, nikachapisha rundo la karatasi, nikawa nazisoma nimekalia gunia la mbolea wateja wakiwa wamepungua.

Kusema kweli yalinivuta. Sehemu nyingine sikuelewa hata kidogo, majina marefu ya wakuu wa mbinguni yanafanana na majina ya dawa za kupe, lakini lile wazo lao kubwa liliniingia: kwamba ndani ya mtu kuna nuru iliyotoka mbali sana, ikanaswa ndani ya mwili, na mtu akijijua yeye ni nani anakuwa huru. Sasa mama anayeshinda dukani ananuka dawa ya ng'ombe, ukimwambia ndani yake kuna nuru imefungwa, atakataa? Nilitembea wiki nzima kama mtu amepandishwa cheo.

Katikati ya hayo ndipo Wafula akafa. Wafula alikuwa mume wa Nekesa, na Nekesa ni rafiki yangu tangu walipokuwa majirani zetu hapo Kitale, kabla Wafula hajapooza upande mmoja wakarudi nyumbani kwao Kabuchai, ambako Nekesa alimuuguza miaka mingi mpaka mwisho. Akanipigia simu akasema, "Wambui, utasema neno kwa niaba ya marafiki wa Kitale. Si maneno mengi. Wewe unajua kuongea." Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza.

Nilijiandaa vizuri. Nilikuwa nimechagua ile Zaburi ambayo kila Mkristo anaijua kwa moyo, ninaisoma, natoa pole, nakaa. Lakini nimeketi pale chini ya hema, miwa imezunguka boma lote na jua limewaka, naona anasimama mjomba wa marehemu, anasoma Zaburi hiyo hiyo. Anakuja mwakilishi wa wakulima, anaisoma. Anakuja mama wa kikundi cha akina mama, anafungua kitabu, na mimi tayari najua anafungua wapi. Nikajiambia, Wambui, wewe umetoka Kitale yote hiyo uje kurudia? Hapo hapo, mwelekezi wa ratiba akiwa tayari anataja jina langu, nikaamua niiache Zaburi nitoe kitu kipya. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo, wa mtu anayetoka kwenye kiti kwenda kwenye maiki.

Nilipewa mkalimani, mzee mmoja mpole anaitwa Simiyu, wa kunitafsiria kwa Kibukusu kwa ajili ya wazee waliokaa mbele. Nikaanza kwa salamu, akatafsiri. Nikatoa pole, akatafsiri. Halafu nikafunga macho kidogo (nilifunga macho kweli, hilo watu wa Kabuchai hawajaongeza) nikasema, "Wapendwa, msilie. Ndugu yetu Wafula alikuwa amefungwa jela. Miaka yote hiyo alikuwa jela. Leo ametoka."

Simiyu akanitazama. Akameza mate, akatafsiri.

Nilisubiri amina. Badala yake nilisikia viti vya plastiki vinalia, kwa sababu watu walikuwa wanageuka kuangaliana. Kitu ambacho sikujua, na ningejuaje, ni kwamba zamani Wafula aliwahi kukamatwa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, akalala kituoni, akaachiliwa bila kosa, na kuna watu pale kijijini hawakuwahi kuacha kuisema. Familia ilikuwa imepigania jina lake miaka yote, na sasa mgeni amesimama mbele ya jeneza, na spika mbili zimefungwa juu ya miti, anatangaza hadi barabarani kwamba marehemu alikuwa mfungwa.

Kaka yake mkubwa, Wekesa, akasimama. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama mgeni, hebu rudia hiyo kitu. Ndugu yangu arifungwa jera gani?"

Mtu mwenye akili angeomba msamaha akae. Mimi nikaamua kufafanua. "Hapana, baba, si jela ya serikali. Nasema mwili. Mwili wenyewe ndio jela." Nikaona hawajaelewa, nikachimba zaidi: nikasema kuna Wakristo wa kale walioandika kwamba nafsi inatoka kwa Mungu wa kweli lakini huu mwili, huu wa nyama na maradhi, haukuumbwa na Mungu wa kweli, uliumbwa na mwingine wa chini aliyekosea kazi, kwa hivyo hii tunayozika leo ni kama takataka tu, Wafula mwenyewe hayumo.

Nikamgeukia Simiyu. Simiyu akashusha maiki yake taratibu mpaka ikafika magotini, akasema kwa Kiswahili, na bahati mbaya maiki yangu ikamdaka, "Hiyo mimi sitafsiri."

Kuna kijana akacheka nyuma, akanyamazishwa. Wazee wa mbele walikuwa wanaulizana nimesema nini na hakuna aliyetaka kuwaambia. Pasta Barasa, aliyekuwa anaongoza ibada, alikuwa ameshainuka kunijia, lakini Nekesa alimtangulia. Alitoka kwenye kiti chake karibu na jeneza, akaja na leso yake mkononi, akanyoosha mkono nimpe maiki. Nikampa. Sikuwa na pa kuweka mikono yangu.

"Huyu ni rafiki yangu," akasema. "Amenisaidia sana tukiwa Kitale, hana ubaya na mtu. Wafula hakufungwa jela yoyote, nyinyi mnajua. Lakini hii ingine ya mwili, wacha nijibu." Akageukia jeneza. "Huu mwili mimi ndiye nilikuwa naugeuza kitandani. Niliuosha, niliukata kucha, niliupaka mafuta ndio usitoke vidonda. Sikuwa nachunga jela. Nilikuwa nachunga Wafula."

Akarudi akakaa. Hapo ndipo amina niliyoingoja ilipotoka, na ilitoka kwa watu wote, na haikuwa yangu.

Baada ya mazishi nilikimbilia nyuma ya jikoni nikaomba sufuria za kuosha, maana mtu aliye na povu mpaka kwenye viwiko haulizwi maswali. Pasta Barasa akanifuata huko, akavuta kigoda, akakaa. Nilidhani atanikemea. Akasema, "Mama, hayo maandishi tulifundishwa habari zake chuo cha Biblia. Si siri. Mengi yaliandikwa baadaye, mitume wakiwa wameshalala."

"Kwa hivyo ni dhambi kuyasoma?"

"Soma. Mimi sikatazi mtu kusoma. Lakini angalia walioyaandika wanaonea aibu nini. Wanaonea aibu mwili. Wengine wao wanasema hata Yesu hakuumia msalabani, ilionekana tu kama anaumia." Akaangalia upande wa kaburi, vijana walikuwa bado wanasawazisha udongo. "Sasa kama hakuumia kweli, mimi leo nina neno gani la kumwambia Nekesa? Na kama alifufuka akaacha mwili nyuma, yale makovu Tomaso aliyoonyeshwa yalikuwa ya nani?"

Nilisugua sufuria moja mpaka ikaanza kuwa nyembamba. Nilikuwa nimeisoma ile habari ya Neno kufanyika mwili tangu utotoni, kila Krismasi, na sijawahi kuona kwamba mwili uliotajwa pale ni kitu kama kile nilichotoka kukiita takataka: kinachokohoa, kinachogeuzwa kitandani, kinachohitaji mtu wa kukikata kucha.

Wekesa nilimwomba msamaha mbele ya wazee, na Simiyu akatafsiri, safari hii bila wasiwasi. Mzee mmoja akauliza kitu, wote wakacheka. Simiyu akaniambia, "Anauriza kama hiyo Mungu ya chini ndio iriumba miguu yake, maana goti inamsumbua sana." Nikacheka nao, machozi yakanitoka, na sijui yalikuwa ya nini hasa.

Nekesa alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba la miwa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi, akanikata.

"Ulikuwa unaamini hiyo ulisema?"

Nikafikiria. Alistahili ukweli. "Sijui, Nekesa. Ilikuwa inasikika vizuri."

"Mm," akasema. Tukatembea kidogo. "Basi siku ingine ukija kwangu, leta ile unaamini. Hata kama ni kidogo."

Zile karatasi sikuzichoma, kama wengine walivyonishauri. Jumatano iliyofuata nilienda nazo kwenye kikundi, nikamwambia yule mama hatukufichwa kitu, haya hapa, tuyasome pamoja na Biblia ikiwa wazi, na tukikwama tutasema tumekwama. Tulikwama mara nyingi. Ilikuwa raha kuliko nilivyotegemea.

Lakini kwenye mazishi nilishaapa. Nikiitwa kusema neno nasimama, nataja jina la marehemu, nasema alikuwa mtu gani kwangu, nasema naamini atafufuliwa, nakaa. Watu husema huyu mama ana unyenyekevu. Si unyenyekevu. Kila nikishika maiki namwangalia kwanza mkalimani usoni.