Jules na branch aliyoiita Gaju

Hata sasa sijaamini. Jules wetu, aliyeanzisha app ya maziwa, alifariki wiki iliyopita kule Kirotshe, baada ya kuugua siku chache tu. Jumamosi tulimzika kwao, juu Masisi.

Kwa mnaonifuata bila kujua kazi yetu: app ni ya bure na code yake iko wazi, yeyote anaweza kuiongezea kitu. Mfugaji wa mlimani anaandika ana lita ngapi, mnunuzi anajua apitie wapi kabla maziwa hayajaharibika.

Anayeongeza kitu anafungua branch, yaani nakala ya pembeni, afanye kazi humo bila kuvuruga main ambayo watu wanaitumia. Mlinzi wa main, mwenye kuamua kipi kiingie, alikuwa Jules. Na mkali, jamani!

Branch zake alizipa majina ya ng'ombe wa mama yake.

Kuna siku mwenzetu mmoja wa mbali alikuta branch iitwayo Bihogo, akadhani ni takataka ya majaribio, akaifuta. Jules alikuwa na nakala kwake, hakuna kilichopotea, lakini alinipigia simu amechemka: "Furaha, mutu anafuta ngombe ya watu bila kuuliza? Iko na akili kweli?"

Nilicheka sana. Kesho yake mwongozo wa mradi ulikuwa na sentensi mpya: ukikuta ng'ombe usiyemjua, muulize kwanza mwenye ng'ombe.

Mimi niko Walikale, ambako network inakuja inapotaka. Nilikuwa nakaa na branch yangu wiki na wiki bila kuvuta mabadiliko ya main, halafu naileta kubwa kama nyumba. Jules anaikataa.

"Dada, kata iyo kazi vipande. Branche moja, kazi moja. Na ukipata réseau, anza kwanza na main."

Nilinuna, nikakata. Alikuwa sahihi.

Tukigongana, yaani mimi na yeye tumebadilisha mistari ileile ya code, hakuchagua peke yake. Alipiga simu, tukasoma mistari kwa sauti, inayofanya kazi vizuri ndiyo ikabaki. Hakujali ni ya nani. Mara nyingi ilibaki yake, na hapo utani wake ulikuwa hauishi.

Gaju ndiyo branch aliyoiacha wazi, haijakamilika. Inafanya ujumbe usubiri ndani ya simu mpaka network irudi. Bila hiyo, walio kwenye milima isiyo na network wanamwaga maziwa. Mama yake ni mmoja wao.

Kwenye kilio Mama alinishika mkono. "Furaha, ile kazi ya Jules itamalizika, ao itakufa naye?"

"Itamalizika, Mama."

Nilisema hivyo bila kujua kama nitaweza.

Nikaifungua Gaju palepale nyumbani kwao, nikajaribu kuiunganisha. Ikagongana na branch yangu. Git, programu inayotunza code yetu, ikauliza: yake au yangu? Nikasoma kwa sauti, safari hii peke yangu.

Yake ilikuwa na kosa. Network ikikatika katikati, ujumbe ungeenda mara mbili, na mnunuzi angepanda mlima kufuata maziwa ambayo hayapo. Yangu ilizuia hilo.

Nililia pale kwenye kiti. Nilitaka sana kubakiza mistari yake, kila herufi, iwe kumbukumbu.

Nimebakiza yangu, Jules. Ungenifokea kama ningefanya vingine. Kazi nyingine yote ya Gaju ni yako, imeingia main ikiwa na jina lako.

Niliweka toleo jipya kwenye simu ya Mama kabla ya kurudi Walikale. Ng'ombe hawajui kilio, wanataka kukamuliwa. Leo asubuhi ujumbe wake umemfikia mnunuzi, mara moja tu.

Safari hii imebaki yangu, kaka, na huwezi kupiga simu kubishana. Hilo ndilo linaloniuma.

Lala sasa. Main iko salama.