Motokaa Iliyooshwa kwa Ajili ya Mkaguzi

Niliporudi Mbeya kutoka migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nilirudi na vitu viwili ambavyo hakuna kijana mwingine wa milima yetu aliyekuwa navyo kwa pamoja: diploma ya biashara na motokaa ya spoti. Wenzangu walirudi na baiskeli, gramafoni, koti la mvua na kikohozi. Siwacheki, kila mtu hurudi na alichokitafuta. Diploma niliisomea kwa njia ya posta, masomo ishirini na manne, kutoka chuo cha Uingereza ambacho hakikuwahi kuniona uso lakini kiliniandikia kwamba nimefaulu vizuri. Motokaa niliinunua kwa mpima ardhi wa mgodini aliyekuwa anarejea kwao. Ilikuwa nyekundu, ya viti viwili, paa lake la turubai, na ilikaa chini kiasi kwamba mbuzi aliweza kumtazama dereva usoni. Walioniona nikiingia nayo mjini kutokea Tunduma bado wapo, waulizwe.

Somo la kumi na saba la diploma lilihusu bima, nami nilikuwa mtu wa kutenda nilichosoma. Nikakata bima kubwa, ile inayolipa hata gari likiharibika bila kugongana na mtu. Pale ghala la kahawa nilikokuwa karani walinihurumia. Mpokea magunia aliniambia, "Ndugu yangu, unalipa ili gari lisiharibike, na gari halijaharibika. Si umetupa?" Nilimweleza kwa saa nzima. Mwisho akasema amenielewa, kisha akaenda kuwaambia wengine kwamba nimetapeliwa.

Mwaka huohuo nilimpenda mwalimu mmoja wa Iringa aliyekuja Mbeya kwa mafunzo. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu, jambo ambalo sikuwa nimekutana nalo. Tulipokubaliana, nikatafuta mshenga huko kwao. Nilimpata fundi cherehani wa pale sokoni Iringa, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, mtu wa maneno laini ambaye angeweza kukuuzia suruali yako mwenyewe. Baba wa binti alikuwa Mhehe mwenye ng'ombe na mashamba ya mahindi, na nyumba yake ilikuwa mlimani, juu ya Ipogolo, ng'ambo ya mto Ruaha Mdogo.

Nilifunga safari ya kutoka Mbeya wakati wa masika. Nilitaka kufika mpaka mlangoni kwa mzee nikipiga honi. Mshenga, aliyekaa pembeni yangu kuanzia sokoni huku ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akaniambia nisimame pale bondeni.

"Hapa kando ya mto?"

"Hapahapa, bwana. Mtu haendi kuomba mke ameketi. Utapanda kwa miguu, mzee akuone umechoka."

"Lakini nataka aione motokaa."

"Ataiona toka juu. Ukiipandisha, utakuwa umekwenda kumwonyesha, si kumwomba."

Nikaiegesha chini ya mti, karibu na maji, nikafunga turubai, tukapanda. Nasema jambo hili waziwazi kwa sababu baadaye liliandikwa kwenye majalada huko Dar es Salaam: sikuiacha pale kwa uvivu.

Mzee alitupokea vizuri. Tukaamkiana "kamwene" kwa zamu mpaka afya za ng'ombe wote zikajulikana, kisha ukaletwa ulanzi, pombe ya mianzi, maana mvua ndiyo majira yake, na ulanzi haunywewi kwa haraka. Mshenga, ambaye dini yake ilimruhusu chai tu, aliongea kwa niaba yetu sote. Mwishowe mzee akanigeukia mimi.

"Kijana wa Mbeya, una nyumba?"

"Nina motokaa, baba."

"Nimeuliza nyumba."

"Nyumba nitajenga, baba. Lakini nyumba ikiungua, imekwisha. Motokaa yangu ikiharibika, kuna karatasi itakayonilipa."

"Karatasi."

"Ndiyo, baba. Bima."

Mzee akanywa, akafuta mdomo. "Nina miaka mingi hapa. Nimeona karatasi za kodi, za ng'ombe, za kuitwa bomani. Zote zinachukua. Ya kutoa sijaiona." Akaweka kikombe chini. "Basi sikia. Siku karatasi yako ikilipa, njoo umchukue mwanangu, sitauliza nyumba. Isipolipa, jenga kwanza. Na kwa mshahara wa karani utajenga mpaka yeye awe bibi."

Mshenga alinikanyaga mguu ili ninyamaze. Mimi nikasema, "Nimekubali, baba." Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimepata alama themanini na mbili katika somo la kumi na saba.

Wakati tunaongea, pale kwetu ilikuwa inanyunyiza tu. Mvua yenyewe ilikuwa imenyesha huko juu milimani tangu asubuhi. Tulisikia watu wakiitana bondeni, tukatoka nje. Ruaha Mdogo ulikuwa umepanuka mpaka kwenye mahindi, maji mekundu kama ukuta wa tope, na katikati yake niliona kipande cha turubai na usukani. Mti ule ulikuwa umeidaka motokaa isichukuliwe, na maji yalikuwa yanaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine, kama watu kwenye duka lisilo na mwenyewe.

Mzee akasema kwa upole kabisa, "Haya, mwanangu. Kaiambie karatasi."

Mto ulipopungua, ng'ombe wa mzee, jozi nne, waliivuta motokaa mpaka uani kwake. Ilikuwa imejaa matope mpaka kwenye dashibodi. Nikajaza fomu ya madai kwa Kiingereza, nikaambatanisha na barua ya kurasa tatu ambayo hadi leo naiona ni miongoni mwa barua bora zilizotoka Iringa miaka ile. Palipoulizwa kwa nini gari liliachwa mahali pale, niliandika: kwa heshima. Kisha nikapanda basi kurudi kazini Mbeya.

Kampuni ikajibu kwamba mkaguzi atakuja, na kwamba gari lisiguswe mpaka afike. Nami nikamwandikia mzee, nikamweleza kwamba mtu mkubwa wa Dar es Salaam atakuja nyumbani kwake siku fulani, kuiona motokaa kwa macho yake. Nilieleza ukubwa wa mtu huyo kwa aya mbili. Habari ya kutogusa sikuiandika. Kwa mtu aliyesoma ni jambo linalojulikana, na sikutaka kumchosha mzee.

Nilifika siku hiyo asubuhi, nikapanda mlima, na nilipoingia uani nikaiona motokaa inang'aa kuliko siku niliyoinunua. Tope halikuwapo hata chembe. Vyuma vilikuwa vimesuguliwa kwa majivu, viti vya ngozi vimepakwa mafuta ya nyonyo, turubai limefuliwa na kushonwa palipochanika. Ua lilikuwa limefagiliwa. Juu ya boneti palikuwa na kopo lenye maua.

Mzee alinijia amevaa koti lake la kanisani. "Tumekusitiri," akasema.

"Baba, nani ameiosha?"

"Mama zako, na wanawake wa kitongoji kizima. Siku mbili. Ulitaka mgeni wa mbali hivyo aje aone uchafu wako nyumbani kwangu?"

Hata kwetu Unyakyusa, mgeni mkubwa akija unafagia mpaka njia anayopitia. Mshenga, aliyekuwa ametangulia, alikuwa ameketi kwenye kigoda akitazama milima ya upande wa pili.

Mkaguzi alikuwa Mhindi wa Goa, wa makamo, mwenye soksi ndefu na mkoba, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha sisi wote. Alikaribishwa, akanywa maziwa, kisha akaizunguka motokaa mara mbili.

"Hii ndiyo iliyozama?"

"Ndiyo, bwana," nikasema.

"Ilizama wapi? Kwenye sabuni?"

Nikaanza kumweleza. Mke wa mzee akadakia kwamba tope walilolitoa lipo nyuma ya zizi, anaweza kulipima. Na chini ya kiti walimkuta kambale mzima, hai.

"Kambale," mkaguzi akasema, akatoa kalamu. "Huyo anaweza kuwa ushahidi. Yuko wapi?"

Wanawake wakatazamana. "Tulimla," mmoja akasema.

"Nani anaweza kuthibitisha kwamba alikuwapo?"

"Mimi nilikula kichwa," akasema mzee.

Mkaguzi hakuandika. Alisema ana huruma, lakini yeye huandika anachokiona, na anachokiona ni gari safi kuliko lake. Mchumba wangu, ambaye alikuwa ametoka shuleni kwake kwa ajili ya siku ile na alikuwa amesimama mlangoni, akashuka kibarazani.

"Bwana mkaguzi," akasema, "wanawake wa hapa husafisha wanachokiona. Fungua wasichokiona."

Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kusema hivyohivyo. Mkaguzi akatandikiwa mkeka, akalala chali na soksi zake, akafungua bolti ya chini ya injini. Badala ya oili kikatoka kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kingi, kikajaza sufuria. Akachovya kidole, akakinusa, akaketi na kuandika kwa muda mrefu. Nikaanza kumpongeza. Akainua kalamu.

"Bado. Injini imeingia maji, sawa. Lakini kuacha gari ukingoni mwa mto wakati wa masika ni uzembe, na uzembe kampuni hailipi." Akatoa fomu yangu. "Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimesoma breki, nimesoma ng'ombe, nimesoma usingizi. Sijawahi kusoma heshima. Maana yake nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mzee akauliza, "Uzembe ni nini hapo?"

"Kuacha gari pale, mzee, badala ya kulileta hapa juu."

"Angekuja ameketi kwenye motokaa mpaka mlangoni pangu kuniomba binti, ningemfukuza na mshenga wake."

"Kwa hiyo aliiacha chini kwa sababu yako?"

"Kwa sababu yangu. Kwa sababu ya mtu yeyote mwenye binti."

"Uko tayari kulitia dole gumba hilo, niandike?"

Kila mtu pale aliyajua maneno ya siku ya mafuriko. Mzee akitia dole, karatasi italipa. Karatasi ikilipa, binti anakwenda Mbeya bila nyumba. Asipotia, hakuna wa kumlaumu, yeye si mwenye gari. Nilimtazama mchumba wangu, naye alikuwa anamtazama baba yake.

Mzee alijifikicha kidole kwenye koti kana kwamba kina tope. "Ningekuwa nataka kumdanganya mgeni," akasema, "nisingemwoshea gari."

Akatia dole. Alilibonyeza sana hata wino ukapita upande wa pili.

Barua ya kampuni ilikuja baada ya majuma mengi. Walikubali dai lote, na motokaa wakaichukua wao kwa lori, safi vilevile. Nilikwenda Iringa na barua ile mfukoni, nikamsomea mzee mbele ya mshenga, kwanza kwa Kiingereza ili aisikie ilivyo, kisha kwa Kiswahili. Akaitaka aishike. Akaigeuzageuza.

"Imelipa," akasema.

"Nilikwambia, baba."

"Haikulipa kwa sababu ni karatasi. Imelipa kwa dole langu."

Mshenga akasema hilo halina ubishi. Nami sikubisha, ingawa barua yangu ya kurasa tatu ilikuwa imefanya kazi yake pia.

Nilidhani yamekwisha, nikataja siku ya harusi. Mzee akainua mkono. "Ngoja. Gari lilikuwa na karatasi. Likazama, ukalipwa. Mwanangu anakwenda Mbeya, mbali, kwa watu nisiowajua. Karatasi yake iko wapi?"

"Baba, mke hakatiwi bima."

"Kwa nini? Ni mdogo kuliko motokaa?"

Nilimtazama mshenga aniokoe. Alikuwa anatabasamu ndani ya kikombe cha chai. Ikabidi niombe kalamu. Pale pale kwenye kigoda nikatunga hati ya vifungu sita: kwamba nitajenga nyumba ya bati Mbeya ndani ya miaka miwili, kwamba sitamwacha mahali penye maji wakati wa masika, kwamba akirudi kwao analia nitalipa ng'ombe watatu bila kungoja mkaguzi, na mengine ya namna hiyo. Binti alisahihisha tahajia sehemu mbili. Mzee akatia dole, mimi nikatia saini yenye mkia niliyojifunza pamoja na diploma, na mshenga akawa shahidi. Hakuna mwanasheria ambaye angepata tundu katika hati ile, nasema bila kujisifu.

Nyumba niliijenga katika mwaka wa kwanza, kwa fedha za bima, na bati lake halijavuja. Nakala moja ya hati alibaki nayo mzee. Ya pili anayo mke wangu. Hajawahi kudai chochote, lakini kila nikichelewa kurudi nyumbani namkuta amevaa miwani, ameifungua hati mezani, anasoma kifungu cha tano, kile cha ng'ombe watatu.