Mtoto Hana Kengele

Kring'. Mara moja tu, kisha kimya.

Sauti hiyo ya kengele ya baiskeli ilihamia masikioni mwa Mbaraka ikakataa kutoka. Aliisikia kwenye kona ya juu ya Soni, mchana wa jua kali, akiteremsha basi kwenda Mombo. Alisikia kengele, akasikia matawi yakivunjika mtaroni, halafu mayowe ya abiria. Mwenye baiskeli alitoka majanini mzima, mapeasi yake yakibingirika barabarani, na abiria wakamshukia kwa maneno: "Wewe kipofu nini? Basi zima hulioni!" Wakacheka. Mbaraka naye akacheka, ila aliendesha kwa gia ya chini mpaka Mombo. Baiskeli ile hakuiona. Hakuiona kabla, wala hakuiona baada.

Alikuwa mtu wa Malindi ya Usambara, kule juu kwenye baridi. Kabla ya Uhuru aliendesha lori la mbao. Baada ya Azimio la Arusha, mabasi yalipokuwa ya umma, akakabidhiwa basi la Mombo na Lushoto, na wazee wa kijijini wakaanza kumwachia kiti barazani. Udereva ndio uliompatia mke, Mwanaidi, ndio uliosomesha watoto. Watu hawakumwita Mbaraka tu. Walimwita Dereva, kama mtu anavyoitwa Shehe.

Ugonjwa ulikuja kwa adabu. Kwanza taa za magari ziliota manyoya. Kisha ukawa kama moshi wa jikoni usiotaka kutoka nje. Hakumwambia mtu, lakini Mwanaidi hakuhitaji kuambiwa. Aliacha kumwekea kikombe mezani, akawa anamtia mkononi.

Ndipo likaja tangazo: madereva wote wa magari ya abiria wapimwe upya, na wakaguzi wa leseni wanatoka Dar es Salaam. Sheria yao ilikuwa nyepesi kuielewa. Mwenye maradhi ya macho aseme mwenyewe. Akisema, leseni yake inakaa ofisini mpaka daktari aridhike. Akificha na ikajulikana, ananyang'anywa moja kwa moja na kupelekwa mahakamani.

Mbaraka alimfikiria Bakari, dereva mwenzake wa zamani, aliyesalimisha leseni yake kwa hiari. Sasa Bakari alishinda stendi akitambua magari kwa mlio, na watu walimpita bila hata shikamoo.

Asubuhi ya kupimwa, Mwanaidi alimtia kikombe mkononi.

"Usipowaambia wewe, baba, nani atawaambia?"

"Watanipima wenyewe. Ndiyo kazi yao."

"Wao watakupima kwa herufi za ukutani," alisema Mwanaidi. "Mimi nilishakupima kwa kikombe."

Pale Mombo, madereva walipangwa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi. Ndani, mmoja mmoja alisoma herufi kwa sauti, na dirisha lilikuwa wazi. Mbaraka, aliyekariri Juzuu Amma ya Kurani akiwa mdogo, kwa kusikia tu, alizipokea herufi zile zikakaa kifuani kama sura fupi. Alipoitwa, alizisoma zote. Mstari wa chini akasitasita kidogo, pale pale walipositasita wenzake. Ubao ule kwake ulikuwa kitambaa cheupe kilichoanikwa.

"Vizuri, mzee," alisema mkaguzi. Aliitwa Rubeni, kijana wa sauti ya upole aliyemwamkia shikamoo kabla ya kumwuliza lolote. "Imebaki barabara. Twende mpaka Lushoto, na abiria wako."

Mbaraka alishika usukani akiomba Mungu kimoyomoyo, na hakujua anaomba nini hasa. Apite? Au ashikwe?

Nyuma yake alikaa Efrazia, muuza kabichi, abiria wake wa miaka mingi.

"Dereva, leo mbona unatubeba kama mayai? Au kwa sababu kuna mkubwa?"

"Nyamaza, Efrazia, nisije nikakushusha na kabichi zako."

"Nishushe! Halafu nani atakuchekesha huko njiani?"

Walipokaribia Soni, ukungu ukashuka. Ulishuka kama unavyoshuka milimani, bila kupiga hodi, ukafunika bonde, ukafunika miti, ukafunika hata pua ya basi. Rubeni akashika chuma cha kiti kwa mikono miwili.

Na Mbaraka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akawa sawa na watu wote.

Aliendesha kwa masikio. Ngurumo ya maporomoko ilimwambia kona iko wapi. Harufu ya mikaratusi ilimwambia apunguze gia. Mbao za daraja ziligonga chini ya magurudumu, naye akahesabu pumzi zake, akakata kushoto. Basi lilipanda polepole, kama mzee anayekwenda msikitini.

Kring'.

Akakanyaga breki. Basi likasimama likitweta. Kivuli cha baiskeli kikapita ubavuni, mwenyewe akashukuru kwa Kishambaa, akamezwa na weupe.

"Mzee!" Rubeni alimgeukia. "Mimi sikuona kitu. Umemwonaje?"

"Nimesikia kengele."

"Huyu hata umfunge kitambaa machoni atatufikisha!" alipiga kelele Efrazia, na basi zima likapiga makofi.

Mbaraka alitia gia. Aliondoa basi taratibu, na wazo likapanda pamoja naye mlima mzima, halimwachi: baiskeli ina kengele. Mama aliyebeba kuni hana kengele. Mtoto anayekimbilia shule hana kengele. Kesho ukungu utaondoka, watu watatembea barabarani bila wasiwasi wakijua Dereva anawaona.

Walipoingia Lushoto jua lilikuwa limetoka. Kila kitu kilimetameta kwa wenye macho. Mbaraka aliegesha mahali pake stendi, akazima mota. Abiria walishuka wakimpongeza. Efrazia alimgonga bega: "Jumatatu wajukuu wangu wanarudi shule. Nimewaambia wapande basi lako tu, si jingine."

Mbele ya basi, hatua chache kutoka kiooni, alisimama mama mmoja aliyejitanda kanga nyekundu, kapu la chakula mkononi. Hakuita. Alisimama tu, amenyanyua uso na mkono mmoja.

"Mzee, yule mama anakupungia mkono," alisema Rubeni.

"Mama gani?"

Rubeni akacheka, akidhani ni mzaha wa wazee. Akatoa kalamu. "Mimi nitapendekeza upewe kazi ya kufundisha vijana. Barabara kama hii, ukungu kama ule! Limebaki swali moja, nalo ni desturi tu, huulizwa kila dereva kabla sijatia sahihi. Una maradhi yoyote ya macho?"

Neno moja, "Sina", lilikuwa tayari mdomoni. Mbaraka alilisikia likigonga meno. Nje, mlango wa basi uligongwa taratibu, na harufu ya karafuu na bizari, harufu ya nyumbani kwake, ikapanda ngazi. Siku zote Mwanaidi, akimletea chakula, humwita kwa sauti kutoka ng'ambo ya stendi. Leo alikuwa amenyamaza, amesimama mbele ya gari kwenye mwanga wote ule.

Mbaraka alielewa: mkewe amekuja kumpima tena, safari hii mbele ya mkaguzi. Akauachia usukani kidole kimoja kimoja, akaiweka mikono mapajani, na sauti yake ilipotoka, Rubeni alilazimika kuinama ili aisikie.

"Mama yule ni mke wangu, Ndugu Mkaguzi. Sikumwona."