Paka wa Nyumba Tatu

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilinikuta nimeshika mwiko mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, nikimfukuza paka juu ya meza huku napiga kelele mpaka jirani akauliza kama tumeingiliwa na wezi. Nakusimulia kwa sababu jana nilikusikia. Nilikuwa nimekaa pale nje kwako nangoja chai, nikasikia ndara inarushwa, kikombe kinavunjika, na yule paka wako mdogo akapita miguuni pangu mbio hata sikumwona rangi. Sikusema neno. Ulikuwa umekasirika, nami nikiwa na umri wako, mtu akinipa nasaha nimekasirika, nilikuwa namkasirikia na yeye pia. Leo naona umetulia, basi vuta kiti.

Mimi, kama unavyojua, nililelewa Kitale. Niliporudi Juba nilikuwa msichana wa Kiswahili na chapati, sijui hata kusonga asida, ugali wa huku, vizuri, nikaolewa na Baba Suzan, ambaye yeye hakuwahi kutoka hapa. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa mtaa wa Sherikat, vyumba viwili vya mabati nyuma ya ghala la nafaka. Kodi ilikuwa nafuu na sikujiuliza kwa nini. Nilikuja kujua baadaye: panya wa ghala walikuwa wameitangulia ndoa yetu mle ndani, na hawakuwa na mpango wa kuhama. Wakubwa, wanene, hawana haya hata kidogo.

Asubuhi moja nikakuta damu kwenye shuka la binti yetu Suzan. Alikuwa mchanga, hata kukaa hajajua. Kidole chake kidogo cha mguu kilikuwa kimeng'atwa. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Tulimkimbiza kliniki, akasafishwa, akadungwa sindano, akapona. Mimi ndiye sikupona haraka. Nilikuwa namshika mwanangu mchana kutwa, naogopa kumlaza.

Baba Suzan wakati huo alikuwa akipakua mizigo uwanja wa ndege. Siku chache baadaye akarudi na katoni, na ndani ya katoni mna paka mdogo mwenye masikio makubwa kuliko kichwa. Rafiki yake wa kazini alikuwa nao wengi. Na nisikufiche, yule paka alifanya kazi. Haukupita mwezi, panya wakapungua, kisha hatukuwasikia tena. Nilimpenda. Nilimwita Daktari.

Lakini Daktari alikuwa na tabia moja: chochote kilicho juu, ni chake. Meza, rafu ya vyombo, mfuniko wa pipa la maji, gunia la unga. Na siku moja nikamkuta kwenye kitanda cha Suzan, amejikunja shingoni mwake, mkia umemfunika mdomo. Mama mkwe wangu, aliyekaa nasi na ambaye sote tulimwita Habuba, bibi kwa Kiarabu, akaona nilichokiona. Wako watu wanaosema paka huiba pumzi ya mtoto. Mimi hilo silijui. Nilichojua ni kwamba mtoto wa miezi michache hana nguvu ya kumsukuma paka usoni mwake, na hilo lilitosha kunitoa jasho.

Habuba akatoa hukumu yake palepale. "Nikimkuta huyu kadis, huyu paka, kitandani tena," akasema, "atapanda lori la kwanza linalokwenda mpakani Nimule. Kalas, basi."

Ukiisikia hivyo unaweza kucheka, lakini mimi nilikuwa nimebanwa. Paka akiondoka, panya watarudi kwa mwanangu. Paka akibaki na tabia yake, naye ni hatari kwa mwanangu yuleyule. Ilibidi abaki, na ilibidi ashuke.

Basi nikatangaza vita. Nilimpiga kwa mwiko, nikamrushia ndara, nikammwagia maji. Mimi namwambia shuka, Baba Suzan anamwambia inzil, Habuba anamtukana kwa Kibari, na paka anatutazama sote kama wageni waliopotea njia. Nikadhani ninashinda, kwa sababu baada ya muda akisikia tu mlio wa ndara zangu mlangoni anaruka chini na kukaa sakafuni kwa adabu, mikono pamoja, utadhani yuko kanisani. Lakini nikitoka kwenda kuanika nguo, nikirudi nakuta alama za nyayo za unga meza nzima. Na kitandani, kwenye blanketi la Suzan, manyoya.

Mbele ya nyumba yetu palikuwa na duka la Msomali mmoja wa Garissa, anauza mchele na mafuta kwa jumla. Mama yake mzee alikuwa anakaa naye, tukimwita Ayeyo, yaani bibi kwa Kisomali. Ayeyo alipenda kuja kumwona Suzan, na zaidi alipenda kuongea Kiswahili na mimi, maana kwetu sote wawili kilikuwa lugha ya kule tulikotoka. Dukani kwao kulikuwa na paka mkubwa aliyelala kati ya magunia, na sikuwahi kumwona juu ya mizani wala kaunta. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani ni bahati yao.

Siku ile ya mwiko, Ayeyo alikuwa amekuja kwetu wakati wa chakula. Akakaa kwenye mkeka, akakataa kula, akataka chai tu. Nikaweka omena za Daktari pembeni mwa meza kama kawaida yangu, kwa sababu sakafuni sisimizi walikuwa wanamaliza chakula chake kabla hajafika. Baba Suzan akaanza kula samaki wake, na kila mara akikuta kichwa au mfupa wenye nyama, anampa paka pale pale kwenye ukingo wa sahani. Kisha Daktari akaweka mguu kwenye bakuli la mchuzi. Habuba akapiga kelele, mimi nikashika mwiko, paka akaruka, mchuzi ukamwagika, Suzan akaanza kulia. Ayeyo akanywa chai yake mpaka kelele zikaisha.

Ndipo akauliza, polepole, "Huyu paka ni wa nyumba ngapi?"

"Nyumba moja, Ayeyo," nikamjibu, bado napumua juu juu. "Ni wetu."

"Hapana. Mimi naona nyumba tatu. Nyumba ya huyu," akamnyooshea kidole Baba Suzan, "meza ni ya paka. Nyumba ya huyu mama mzee, meza ni ya watu. Na nyumba yako wewe, saa hii meza ni ya paka, saa ile ni ya watu. Unamwita kwa omena, akikuja unampiga. Hata mimi ningechanganyikiwa."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Si kwa sababu alinisema mbele ya mama mkwe, ingawa hilo nalo liliuma. Ni kwamba kila alichokisema kilikuwa wazi mezani, na nilikuwa nakitazama kila siku.

Baba Suzan akajitetea. "Lakini ni kichwa cha samaki tu!"

Habuba naye hakutaka kushindwa. "Mimi watoto wangu wote nimewalea kwa mwiko."

"Na ulipotoka nyumbani," Ayeyo akamuuliza kwa upole kabisa, "hawakugusa sukari?"

Habuba akamtazama mwanawe. Baba Suzan akainamia sahani yake. Nilicheka mpaka nikajimwagia chai.

Tukakubaliana mchana ule ule, sote, sheria moja. Chakula cha paka kitakuwa sakafuni, kwenye kifuniko kilichowekwa ndani ya sinia lenye maji kidogo ili sisimizi wasivuke. Hakuna mtu wa kumpa kitu kutoka mezani, hata mfupa. Meza ikimaliza kazi inapanguswa, chakula kinafunikwa. Chandarua cha Suzan kinachomekwa chini ya godoro mchana pia. Na kwa kuwa paka ni mtu wa kupenda kuona kote, Ayeyo alisema tumpe mahali pake mwenyewe pa juu. Tukapandanisha makreti ya soda karibu na dirisha, yakaipita meza kwa kimo, tukatandika kitambaa cha zamani. Anayemkuta mezani asipige wala asipige kelele: anambeba, anampeleka kwenye kreti, na akitulia pale anapata omena moja. Anayemkuta ni nani? Yeyote. Hilo ndilo lilikuwa gumu.

Maana mwanzoni mambo yalizidi kuharibika. Nilimbeba yule paka mara nyingi kuliko nilivyombeba Suzan. Baba Suzan alinuna wiki nzima kana kwamba ni yeye aliyenyimwa samaki. Habuba alisahau, akapiga, akakumbuka, akaomba radhi kwa ukuta badala ya paka. Lakini tukashikilia. Taratibu nikaanza kumkuta kwenye kreti bila kumpeleka, ametazama barabara, malori yanapita, na nikipita namwekea omena yake na kumkuna kichwa.

Kisha ikaja siku ambayo sitaki uige. Habuba alikuwa kanisani, Baba Suzan kazini. Gari la maji likapiga honi mwisho wa barabara, na ndani hatukuwa na tone. Nilikuwa nimetoka kumnyonyesha Suzan, amelala. Nikachukua madumu nikasema nitarudi sasa hivi. Wewe unajua sasa hivi ya gari la maji. Foleni, watu wakagombana, na nilipofikiwa tu mvua ikafunguka, ile mvua yetu ya kukufunga njiani. Nimejibanza chini ya paa la kibanda cha mtu, ndipo nikakumbuka: chandarua sikukichomeka. Nilikiinua kunyonyesha na nikakiacha vile. Na samaki wa kukaanga wako mezani, wazi.

Niliacha madumu pale pale. Nilikimbia kwenye tope, nikaanguka, nikainuka na ndara moja. Nilikuwa namwona mwanangu waziwazi, na yale manyoya usoni mwake. Sijawahi kuomba Mungu vile, nilikuwa namtajia jina la mtoto tu, mara kwa mara, kana kwamba amelisahau.

Nikafika. Suzan amelala chali, kidole mdomoni, kijasho puani, anapumua. Kitanda kisafi. Samaki mezani wote wazima, hata mkia haujaguswa. Daktari yuko juu ya makreti yake, amekaa, anawatazama wale samaki kwa uchungu mkubwa, lakini amekaa. Ndani hakukuwa na mtu wa kumwogopa. Ndara zangu hakuzisikia, maana moja ilibaki kwenye tope.

Nilikaa chini mlangoni nikalia. Nikawa nalia huku nacheka. Habuba akanikuta hivyo, akadhani mtoto amekufa, akaanza kuomboleza mpaka nikamshika miguu kumwambia ni mzima. Nikamweleza yote. Akaenda akamtazama Suzan, akachomeka chandarua, akanipa jicho ambalo nilistahili. Kisha akachukua samaki mmoja, akamkata mkia, akaupeleka kule kwenye kreti, akauweka mbele ya paka kwa mkono wake mwenyewe. "Akulu, ya kadis," akasema, yaani kula, ewe paka. Habari ya lori la Nimule hatukuisikia tena.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usianze na paka. Anza na mume wako na wifi yako mnayekaa naye, kaeni chini mkubaliane neno moja, kisha paka atalifuata kwa sababu atakuwa hana lingine la kufuata. Usimlishe mahali unapompigia. Unapomkataza pale, mwonyeshe wapi anaruhusiwa, na pawe pazuri. Acha ndara. Ndara humfundisha kukuogopa wewe, na wewe kuna siku hutakuwepo. Huyo mtoto wako naye anaanza kutambaa. Usidhani kwamba yeye atakua tofauti. Atatazama nani anasema nini nyumbani, na atajua mnapotofautiana kabla ninyi hamjajua.

Mungu akubariki, mwanangu, na nyumba yako. Siku utakapokuwa mbali, mvua imekufunga njiani na mlango umeuacha wazi, akupe watu ndani wanaofanya vema bila kukusikia unakuja. Ufike, uhesabu pumzi zao, na zote ziwepo. Amina.